Wageni wa Kompyuta na Wageni wa Mshangano

Mshangano, Songea

Mheshimiwa Mshenga wetu, Mzee Pankrasi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila nyumba inaumwa. Kwa kuwa wewe ndiwe uliyeleta posa ya Damiani kwetu, sioni ofisi nyingine ya kupeleka lalamiko hili.

Mume wangu, kama ujuavyo, ni mwalimu wa kompyuta. Sasa ameweka kompyuta tatu ndani ya kompyuta moja. Akifungua huku ni Windows ya zamani ya kutolea matokeo ya shule, kule ni Linux, na ya tatu ni ya majaribio. Hizo anaziita wageni, na ile inayozibeba anaiita mwenyeji. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni huu:

1. Mgeni wa kompyuta hupewa kipimo cha memori siku anapoingia, ili mwenyeji asilemewe. Mdogo wake Damiani, Rupert, alitoka kijijini Mpitimbi kufuatilia leseni ya udereva, wiki moja tu, na hakupewa kipimo chochote. Leseni ameshapata, gari hana, ugali anaumudu. Binamu Dastan akafuata ili Rupert asiwe mpweke.

2. Mwenyeji akilemewa, Damiani humsimamisha mgeni kwa kubofya mara moja, na mgeni hanuni. Mimi nikilemewa naambiwa nina roho mbaya. Cherehani yangu imehamishiwa jikoni kupisha godoro lao, sare za wanafunzi zinanuka moshi, na wateja wananikimbia. Hili linaniuma kweli, maana ushonaji ndio kazi yangu.

3. Kabla ya kumgusa mgeni wa kompyuta, Damiani huhifadhi hali yake, ili akiharibika amrudishe alivyokuwa. Naomba Rupert arudishwe siku ya kwanza, alipochota maji bila kutumwa na kufua soksi zake mwenyewe. Dastan hana hali nzuri ya kurudia. Yeye afutwe.

4. Wageni wa kompyuta hawajuani, kila mmoja anaamini yuko peke yake. Wangu wamejuana mno, na huijadili mboga yangu kwa Kingoni wakidhani mimi Mmatengo sielewi.

5. La mwisho nalisema bila mzaha. Kama inawezekana, Damiani mwenyewe arudishwe alivyokuwa ulipomleta kwetu, alipokuwa akiniuliza kwanza kabla ya kumwambia mtu karibu. Yule nilimpenda sana.

Usipokuja kumsomea haya kabla ya Jumapili, nafunga mzigo narudi kwetu Mbinga.

Nisalimie mama wa hapo nyumbani, watoto, wanajumuiya wote, na yeyote atakayeniulizia, mradi asije kwangu na begi.

Ni mimi uliyeniombea ndoa hii,
Aurelia

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, mama yangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi na dada Oliva na wanawe wanne, watakaa hadi mahindi yavunwe. Kwa hiyo usimsomee Damiani barua hii, hasa lile la kipimo. Mkumbushe tu kwamba nyumba si kompyuta. Mama nimeshamwambia karibu. Damiani nitamwarifu wakifika.