Dada Apangiwe Daraja la Kwanza

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Masasi, hospitali. Nimemsindikiza dada Stamili. Uvimbe wa titi ni saratani. Daktari Veridiana ametuambia taratibu kabisa, nami nikaitikia, "Marahaba." Sijui kwa nini!

Kipande cha uvimbe kinapelekwa Dar. Eti kila seli ya mwili ina jeni zilezile, ila nyingine zinafanya kazi, nyingine zimelala. Mashine itasoma zipi ziko macho ndani ya uvimbe, saratani ipangiwe kundi lake, dawa ijulikane. Nikauliza nani kaziamsha. Daktari akasema hilo ni swali zuri. Maana yake hajui.

Njia nzima hadi kijijini kwetu Mnyambe dada alishika mkono wa shati langu.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimeelewa! Ni kama korosho mnadani. Kuna daraja la kwanza, kuna la pili. Dada yangu awe daraja la pili? Na mimi nipo?

Mpango: kumwona daktari kabla ya shemeji Hamidu, mume wa dada, mtu wa kujitia anajua kila kitu. Mama Anwari anasema nitajiaibisha. Mke wangu haelewi mipango.

Jumatano, 9 Oktoba
Masasi asubuhi na mapema. Nimembebea daktari korosho za kukaanga, nyeupe, nzima nzima. Namkuta nani kwenye benchi? Hamidu, na jogoo! Anamwombea dada kundi la tatu. Kasikia wa kundi la kwanza ndio wanaokatwa titi mapema. Tukabishana. Jogoo akachoropoka, akaingia chumba cha chanjo. Watoto waliokuwa wanalia wakacheka. Mama zao wakapiga kelele.

Daktari akatuita wote wawili. "Baba Anwari, haya makundi si madaraja. Tunatafuta tabia ya saratani yenyewe."

Nikamwambia tabia ya dada ni nzuri, aulize Mnyambe nzima.

Korosho kazirudisha. Labda chumvi ilizidi.

Alhamisi, 14 Novemba
Majibu! Jeni zilizo macho ni zile zinazofuata homoni. Aina hii hukua polepole. Dada atafanyiwa upasuaji, kisha vidonge kila siku, kwa miaka. Dripu ya dawa kali, ile ya kunyonyoa nywele, haihitajiki.

Nikauliza ni kundi la ngapi. Halina namba, akasema daktari, lina jina. Jina refu mno. Hamidu akadai hilo ndilo la tatu. Nikasema la kwanza. Dada akatuambia tunyamaze wote, anataka kusikia habari za vidonge.

Nje akalia. Halafu akacheka. Akaniuliza kama niliogopa. Nikasema hata kidogo! Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili mbili za kushoto.

Jumamosi, 16 Novemba
Dada anapasuliwa wiki ijayo. Wageni wamejaa uani, naye ndiye anayewatuliza.

Mimi nimetafakari sana. Majibu mazuri hayaji yenyewe. Kuna mtu alihangaika.

Leo jirani Vitalis kaja, uso umemshuka. Kipande cha uvimbe wa mama yake nacho kimekwenda Dar. Haelewi kitu. Nikamwambia atulie, mambo ya jeni nayajua. Dada kasikia, kaniomba kwa jina la Mungu nikae nyumbani.

Nitakaa. Hadi Jumatatu. Safari hii sipitii kwa daktari. Nakwenda Dar, nikazungumze na mashine yenyewe.