Kamati Iliyonichagulia Wimbo wa Tarumbeta

Mirongo, Mwanza
Jumatatu, 4 Machi 1974

Kwa Ndugu Mwenyekiti Seif Mbaruku,
Kamati ya Utamaduni ya Mtaa

Shikamoo, Mzee wangu. Natumaini cherehani inakwenda na afya ni njema. Mimi mpiga tarumbeta wenu ni mzima, isipokuwa midomo.

Kama ujuavyo, bendi mpya huko Dar es Salaam inatafuta mpiga tarumbeta mmoja. Wanataka tepu yenye wimbo mmoja, dakika tatu, tarumbeta tupu bila kuimba, na mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini. Mimi naitimiza Juni. Tepu iwe posta Ijumaa hii. Kamati yako ikaona jambo hili ni zito mno kuachiwa mtu anayelijua. Nashukuru, ila nina malalamiko machache:

1. Wajumbe ni kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kushika tarumbeta. Mlisema hiyo ndiyo sifa yenu, maana hamna upendeleo. Nilikubali. Ningefanyaje?

2. Bi Celestina aliuliza wimbo wangu unamfundisha nini mkulima wa pamba. Nikaeleza kwamba tarumbeta haisemi maneno. Basi mkaagiza nilete hayo maneno yasiyosemwa, nakala tatu. Mkayajadili vikao viwili, mkafuta ubeti wa tatu kwa kukosa msimamo. Tangu siku hiyo nikifika ubeti wa tatu nanyamaza, nahesabu kimoyomoyo, kisha naendelea na wa nne. Majirani wanadhani ninaumwa.

3. Ndugu Ngosha alidai wimbo wa Kisukuma. Mjumbe mwingine akataka wa Kikerewe, mwingine wa Kijita, mwingine wa Kijaluo. Kwa ajili ya umoja mkaamua zote ziingie, na wa Kihaya, wa kwetu, uwe wa mwisho nisije nikaonekana najipendelea. Jamani! Nizunguke ziwa zima kwa dakika tatu, kwa pumzi ya mtu mmoja? Nikifika Bukoba sina hata mate.

4. Jumamosi, tulipoazima kinasa sauti cha parokia, ulisema shughuli haiwezi kuanza bila hotuba ya ufunguzi. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilichukua dakika mbili na nusu, na nusu iliyobaki ikaliwa na makofi. Tepu hiyo ikifika Dar, Mzee wangu, watakuajiri wewe.

Kwa mwendo huu, naomba kamati initeulie pia mtu wa kunipulizia, nami nikae na wajumbe nipige makofi. Au, kama hilo ni gumu, mniache nichague wimbo mmoja mwenyewe. Naumia, Mzee. Miaka kumi na minne napiga kwenye harusi za watu, na hii ndiyo nafasi yangu ya kwanza na ya mwisho.

Nakomea hapa kwa heshima zote zinazoistahili kamati. Nisalimie Mama Zakia, mafundi wote hapo barazani, na wajumbe, kila mmoja kwa cheo chake.

Wako katika kujitegemea, nikiruhusiwa,
Mutayoba Rutashobya

N.B. Leo Jumatano, barua bado ninayo. Jana Ndugu Ngosha alinipitia kuniambia mmeamua, hata kabla ya kuisoma, nichague mwenyewe. Asanteni sana. Tangu hapo nimekaa na tarumbeta magotini. Nimeanza nyimbo tisa, sijamaliza hata mmoja, maana kila ninapoanza naona kwamba Dar wakiukataa huu, watakuwa wamenikataa mimi. Tafadhali itisha kikao kesho asubuhi, wajumbe wote waje. Chai napika mimi.