Kibodi Isiyoamsha Mtoto

Jumatatu, 9 Juni

Mtoto ameamka tena. Sababu: mimi. Nilikuwa nachapa kumbukumbu za mkutano wa chama cha ushirika, kazi ninayoifanya hapa hapa nyumbani, hatua chache kutoka kitanda chake. Kibodi yangu inalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mke wangu akasimama mlangoni, mtoto begani, akasema kwa upole wa kutisha: "Baba mtoto, chagua. Hiyo kibodi inyamaze, au uhamie nayo stoo."

Stoo kuna panya! Nimechagua. Nitaunda kibodi yangu mwenyewe, ya kimya. Boksi lake ninalo, vitufe ninavyo. Zimebaki swichi tu, zile zinazokaa chini ya vitufe.

Shemeji, kaka yake mke wangu, aliunda yake mwaka jana na tangu hapo hatupumui. Anasema swichi hupakwa grisi kwa brashi, moja moja. Asiyepaka mwenyewe ni mvivu. Sawa. Nitanunua zilizopakwa kiwandani, tuone nani mvivu.

Jumanne, 10 Juni

Dukani. Nimebonyeza kila sampuli, macho nimefumba. Nzito. Nyepesi. Zinazolia tik. Mteja mmoja akamwuliza muuzaji kama naomba dua. Mara nikazipata! Zinateleza kama sabuni mkononi. Muuzaji, mama mwenye miwani kwenye paji la uso, akasisitiza kwamba grisi imeshapakwa: nichomeke tu, nisiguse kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu huitikia mengi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechomeka zote. Kimya! Mtoto hakugeuka hata ubavu. Mke akaniletea chai bila kuombwa. Ningeishia hapo. Lakini shemeji akaja. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Nikaanza kuonja ushindi. Kisha akasema, "Si mbaya, shemeji. Kwa kitu cha kiwandani." Akaongeza kwamba viwanda hupaka kwa kupunja.

Kupunja! Neno limenikaa kichwani, chai imepoa.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaongeza. Kidogo tu. Grisi yenyewe sina, ila mtoto ana mafuta yake ya mgando kabatini. Mafuta ni mafuta. Nimefungua swichi zote, nimepaka bila kupunja. Springi moja iliruka, nikaifukuza kwa magoti chumba kizima. Mke ametafuta mafuta ya mtoto nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta, kwa bidii, hadi nyuma ya jiko.

Jumamosi, 14 Juni

Kimya kamili. Vitufe vikishuka, havipandi. A imeganda chini. Na kumbukumbu nimezituma bila kuzisoma! Katibu wa chama amepiga simu kuuliza kama kweli mwenyekiti alisema "ndugu wanachamaaaaaaaa" kwa nusu ukurasa. Nikamjibu kwamba alikuwa na uchungu. Akasema mwenyekiti yuko pembeni yake, na uchungu ndiyo kwanza unaanza. Kazi safi ifike Jumatatu, la sivyo wanatafuta mchapaji mwingine.

Jumapili, 15 Juni

Tumegunduliwa, mimi na mafuta. Mtoto alitambaa hadi kwenye kibodi, akalaza shavu juu yake, akainuka anang'aa. Mke akamtazama mtoto, akaitazama kibodi, akanitazama mimi. Akampigia kaka yake.

Shemeji akaja na seti mpya ya swichi. Ya kiwandani! Nikamwuliza brashi iko wapi. Akakuna kichwa. Akatazama dirishani. Kumbe brashi ilimshinda kwenye swichi ya tatu. Anazojitapia ni za kiwandani, zimetoka kwa mama yule yule mwenye miwani. Mke akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka zaidi, mpaka akaniambia mimi sina haki ya kucheka.

Jumatatu, 16 Juni

Kazi imepokelewa. Mwenyekiti sasa anasema "wanachama" na kuendelea. Mtoto amelala tangu saa sita. Mke amenisamehe, karibu yote. Nimepata funzo kubwa: kiwanda kinajua kazi yake, usikiingilie.

Ila kitufe kirefu cha nafasi kina mlio. Kidogo. Mke anasema hausikii. Shemeji anasema hausikii. Mtoto ndiyo kabisa, anakoroma. Mimi nausikia. Pale walipunja.

Nafungua swichi hiyo moja tu. Na safari hii sirudii kosa la mafuta ya mgando. Jikoni kuna mafuta ya kupikia. Hayo hayagandi.