Kasuku Mwenye Kikohozi cha Octave

Barnabé alikuwa akikatiza kati ya nyumba za kambi ya wafanyakazi kule Panda, mjini Likasi, aliposikia mzee akikohoa nyuma ya uzio. Kilikuwa kikohozi kinene, cha mtu aliyevuta sigara tangu enzi za Wabelgiji, na mwishoni kilitoa mluzi mwembamba ambao kila mvutaji wa Likasi anaujua. Barnabé, ambaye hakosi adabu pale ambapo adabu haigharimu kitu, akasimama.

"Pole, papa. Pole sana."

Kikohozi kikamjibu. Barnabé akachungulia. Hapakuwa na papa, wala baba yeyote. Ndani ya tundu la waya alikaa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, kifua kimenyonyoka kama kuku wa sikukuu, anakohoa huku akimtazama mgeni kwa jicho moja.

Wewe na mimi tungeona ndege mgonjwa. Barnabé aliona dola mia mbili. Alimjua mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi aliyenunua kasuku wa namna hiyo kuwapeleka Ulaya, na ambaye hakuuliza kamwe ndege ametoka wapi wala nani anamlilia. Huo ulikuwa mwaka 1995. Mishahara ilikuwa haijaonekana miezi minane, noti zilichacha mfukoni kabla hujafika sokoni, walimu walikuwa wanauza mikate na wauza mikate walikuwa wanaombea wagonjwa. Kila mtu alikuwa amegeuka kitu kingine. Barnabé peke yake hakugeuka: alikuwa tapeli tangu mambo yakiwa mazuri, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia diploma.

Akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, mguu mmoja baada ya mwingine, akabisha hodi.

Mwenye nyumba aliitwa Octave. Miaka thelathini alikuwa fundi wa tanuru kiwandani, na alipostaafu alihamishia tanuru nyumbani. Alivuta akiamka, alivuta akinyoa ndevu, alivuta akisubiri bukari, ule ugali wao, iive. Paka wao alipiga chafya mpaka masharubu yalitetemeka. Simbiliki, vile vipanya vinene visivyo na mkia ambavyo watu wa Likasi wanavifuga jikoni kwa ajili ya kitoweo, vilikuwa vimehama vyenyewe na kwenda kuishi kwenye kuni nje. Na yule kasuku, aliyeitwa Shefu, yaani bosi, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na alipiga kelele kutwa nzima, alikuwa amejifunza kikohozi cha bwana wake barabara. Gertrude, mke wa Octave, aliwahi kumpelekea ndege maji ya moto na limau akidhani anamhudumia mumewe.

Daktari wa dispensari alimwambia Octave aache sigara. Octave akamwonea huruma daktari, kijana wa watu, anahangaika. Gertrude naye alimwambia aache, miaka na miaka, akachoka. Lakini tangu Shefu aanze kujinyonyoa kifua, mzee alikosa raha. Aliokota manyoya sakafuni moja moja akayatia ndani ya kopo la maziwa. Mungu hakuwajalia hawa wawili mtoto. Ndege huyu aliletwa akiwa kinda, uchi kama kidole, Octave akamlisha bukari kwa mkono wake. Alimpenda, na hakuona haya kusema.

"Shefu anakufa," alimwambia Barnabé hata kabla ya kujua jina lake. "Ile ndege njo mutoto yangu. Anakufa na moshi yangu mi mwenyewe. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa."

"Papa, Mungu anakupenda," Barnabé akasema, akaketi bila kukaribishwa. "Minye njo Dokta Barnabé. Dokta wa moshi. Ile kazi nilisomea kule Kakanda."

Kakanda kuna mashimo ya shaba na vumbi la kutosha. Shule ya moshi haijajengwa mpaka leo.

Gertrude akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho ya kukagua mizani ya muuza nyama.

"Dokta wa moshi," akasema. "Unaponyeshaka namna gani?"

"Mama, hamu ya sigara haiwezi kufa. Inahamaka. Siku saba papa atamupatia Shefu hamu yake yote. Siku ya saba minye nabeba Shefu, na ile hamu ndani yake, naenda naye Tshangalele, kwa maji, kwa hewa ya muzuri. Hamu inabaki kwa ziwa. Mwezi moja, Shefu anarudia na manyoya ya mupya."

"Na bei?"

"Yoo, mama! Nitakula machozi ya mwenye kulia? Sitaki hata likuta moja."

Hapo ndipo utajua fundi. Tapeli mchanga anaomba pesa, mkubwa anazikataa. Octave alikuwa tayari analengwalengwa na machozi. Barnabé akamwapisha kwa kaburi la mama yake kwamba siku ya saba atamkabidhi ndege bila neno, kisha akatoa masharti, akiyatunga hapo hapo, moja likizaa jingine. Ndani ya nyumba asivute mtu. Mapazia yafuliwe, madirisha yawe wazi. Shati lenye harufu ya tumbaku lilale nje. Mkono ulioshika sigara uoshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa ndege. Shefu aogeshwe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu. Hamu ikimshika papa, akae mbele ya tundu amweleze ndege mpaka ipite. Na sigara zote zilizomo ndani apewe Dokta, akazitupe mbali.

"Bon," akasema Gertrude. "Na weye, Dokta, uko muntu wa ukoo gani?"

Barnabé alizaliwa kambini, kwa baba aliyebadilisha jina kila alipokopa. Habari za ukoo alizisikia baa tu. Lakini alikumbuka mzee mmoja wa ukoo wa mbuzi aliyepewa kuku bure kule Kakanda kwa sababu ya ukoo wake, na kuku wa bure si jambo la kusahaulika.

"Bena Mbushi, mama. Ukoo wa mbuzi."

Gertrude akamtazama kidogo. Kisha akaweka mwiko chini, akapiga makofi, akapiga na vigelegele.

"Mawee! Majirani, mukuye muone! Mbuzi imejileta yenyewe! Minye niko wa Bena Ngo! Ukoo wa chui!"

Octave akafungua kinywa, akakohoa, akakifunga. Majirani wakajaa uani, na Gertrude akamzunguka mgeni akimkagua mbavu. "Muangalie kichwa! Muangalie na kandevu! Ile mbuzi haina hata nyama, tutaipika na majani ya sombe." Watu wakacheka hadi kushikana. Barnabé naye akacheka, akajisemea moyoni kwamba hapa amependwa. Alipoinuka kuaga, Gertrude akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Naipenda," akasema, akaingia jikoni.

Barnabé akabaki amenyoosha mkono. Jirani mmoja, Lambert, mrefu, mwenye mikono ya mbeba vyuma, akamwegemea begani kwa furaha.

"Dokta, hukufundishwa? Chui na mbuzi njo batani. Mutani anakutukanaka, unacheka. Anakamata kintu yako, unacheka. Ukikasirika, ukisema rudisha, hauko wa ule ukoo, ulituongopea. Na batu ya hapa, muntu mwenye kuongopa ukoo wake..." Lambert hakumaliza. Alijinyoosha tu vidole, na vidole vikalia.

Barnabé akapiga hesabu. Kofia ni kofia. Ndege ni dola mia mbili. Akacheka, akaenda zake kichwa wazi.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa wanaume wawili. Octave alitafuna mti wa ufagio. Aligombania kiti na paka. Siku ya tatu alitembea kuzunguka nyumba mpaka akachora njia. Kila hamu ilipomkaba alikwenda kukaa mbele ya tundu: "Shefu, naitaka. Shefu, moja tu, nusu tu." Na Shefu alimtazama, akakohoa, kile kikohozi kinene chenye mluzi. Jamani, mtu anaweza kuishi na kifua chake miaka sitini asikisikie. Sasa Octave alikisikia kikitoka kwa mtoto wake. Alikaa pale pale akalia, na hamu ikapita.

Barnabé naye alikuja kila siku kuangalia mali yake, na kila siku chui alikula. Siku ya pili alikula koti. Siku ya tatu mwavuli. Siku ya nne redio ndogo ya mkononi, ambayo kusema kweli Barnabé mwenyewe aliipata kwa njia inayofanana. Siku ya tano Gertrude alivipenda viatu. Siku ya sita alilipenda furushi lenye sigara za Octave, katoni nzima na ushei, ambalo Barnabé alikuwa ameahidi kwenda kulitupa, na ambalo kwa bahati mbaya alikuwa bado anatembea nalo akitafuta mnunuzi.

"Mutani, unabeba moshi mingi sana, itakuumiza mugongo," akamwambia. Uani watu wakaanguka kwa kicheko. Barnabé akacheka kwa meno ya mbele tu.

Lakini jambo moja lilimshangaza hata yeye: mapazia yalinukia sabuni. Kifuani mwa Shefu vilichomoza vinyoya vidogo kama sindano. Ndege alikohoa mara mbili tu siku nzima, tena kwa uvivu. Paka alirudi kulala kitandani, na simbiliki wawili wakarudi jikoni, uamuzi ambao kwa simbiliki si wa busara. Barnabé aliona kwamba bila kukusudia alikuwa amemponya mtu, akasikia vibaya kidogo, kama fundi aliyeharibu kazi.

Asubuhi ya siku ya saba Octave alimsubiri mlangoni, amelikumbatia tundu.

"Dokta, amepona. Unaona? Na mi niko muzima. Tafazali, abaki."

"Papa, uliapa kwa kaburi ya mama yako."

"Niliapa."

"Hamu iko ndani yake. Akibaki, inarudia kwako, na yeye anakufa. Unataka vile?"

Octave alitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa neno moja. Kambi nzima ilimjua hivyo. Barnabé akaona majirani wamekusanyika, akawaza mbele, kama anavyowaza kila mkubwa wa kazi hii: kesho mtu asije akamwita mwizi.

"Papa, useme mbele ya batu bote. Shefu ni wa nani sasa?"

"Ni wako, Dokta," akasema mzee. Akamkabidhi tundu, akageukia ukuta.

Barnabé akapiga hatua kumi na mbili hadi kwenye lango, peku, hana kofia, hana koti, moyo mweupe. Langoni alisimama Gertrude.

"Mbuzi yangu. Unabeba nini?"

"Shefu, mama."

"Ni ya nani?"

"Si umesikia, mama? Ni yangu. Papa amesema."

"Ya kwako kabisa kabisa? Haiko tena ya bwana yangu?"

"Ya kwangu kabisa!" Barnabé akasema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Aksanti," akasema Gertrude, akalichukua tundu mkononi mwake. "Naipenda."

Watu wakalitazama tundu, wakamtazama mbuzi. Kisha uani pakalipuka. Wamama walipiga vigelegele, mtu mmoja akagaagaa chini. Barnabé akafungua kinywa. Aliyaona maneno yake yote yakiwa tayari, rudisha, mwizi, ndege yangu. Aliiona pia mikono ya Lambert, na ya wenzake watatu wa kiwandani, imesimama pale langoni ikisubiri kwa hamu kujua mgeni ni wa ukoo gani.

"Dokta," akasema Lambert kwa upole, "cheka basi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chembamba, cha mtu anayemeza mwiba wa samaki. Kisha akashika njia ya Lubumbashi, miguu inaruka moto wa lami, na Panda haikumwona tena.

Adhuhuri Octave na Gertrude walikula mlangoni, tundu katikati yao. Bukari ilikuwa kubwa, ya unga mweupe ambao nyumba ile ilikuwa haijauona tangu Pasaka.

"Ule unga ulitoka wapi?" Octave akauliza.

"Kwa sigara yako. Nilibadilisha sokoni, paketi kwa paketi."

Octave akalitazama tonge mkononi. Akalila. Akamega jingine akaliviringisha tu, kama mtu aliyebeba swali siku saba na hajui aliweke wapi.

"Gertrude. Weye uko wa ukoo wa uyoga. Bena Bowa. Miaka makumi tatu na moja naheshimiaka shemeki zangu ya uyoga."

"Najua."

"Sasa ile chui?"

Gertrude akamega kipande cha bukari, akampa Shefu kwa kidole.

"Octave, mbuzi ya kweli ikisikia chui, inatukana ya kwanza, inanikamatia kuku, inaenda. Njo batani vile. Ule alibaki tu anacheka sawa katekista." Akajilamba kidole. "Kwa mbuzi ya uongo, ningetafuta chui ya kweli ya nini?"