Mabawa ya Unga wa Ngano

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Mwalimu Kissa, aliyetufundisha fizikia, anatafuta msaidizi wa darasa lake la likizo hapa Nangwa. Ametuita sisi tuliomaliza kidato cha nne. Jumamosi kila anayetaka kazi arushe roketi ya chupa ya soda, ya maji na pampu ya baiskeli. Mwenye swali aende kwake.

Swali ninalo. Kwenda siwezi. Mara ya mwisho nilifika mlangoni, nikasema shikamoo, nikageuka nikaenda zangu. Roketi itanisemea.

Jirani yetu Violeth ameshauliza maswali manne. Mengine hayakuwa hata ya roketi.

Jumanne, 9 Desemba

Karatasi peke yake inapinda. Kwa kila bawa nimebandika majalada matano ya daftari, moja juu ya jingine, kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa. Unga ni wa mama, wa chapati za Jumapili. Nimepunguza kidogo. Nusu.

Nimeanika juani. Kuku wamekula mabawa mawili. Nimechukulia kama sifa kwa gundi.

Jumatano, 10 Desemba

Mabawa mapya yamekaukia kabatini. Magumu kama ubao. Pua ya roketi nikaibandika kwa supaglu, nikaibana kwa mkono wa kulia mpaka ishike. Ikashika. Na vidole.

Hapo hapo babu Yohanes akaingia kutoka Masakta. Nikasema shikamoo babu. Akanyoosha mkono. Kumpa wa kushoto haiwezekani. Kutompa haiwezekani zaidi. Nikampa roketi. Akaitikisa kwa adabu, akasema marahaba, kisha akamuuliza mama kama siku hizi shule zinafundisha kusalimia kwa chupa.

Mafuta ya alizeti yalinibandua baada ya saa nzima. Babu akaonja bawa kwa ncha ya ulimi. Akasema huu ni uji, mvua ikinyesha nilete na kijiko. Babu hajasoma fizikia.

Jumamosi, 13 Desemba

Violeth alikata mabawa yake kwenye dumu la mafuta. Mwalimu alimshauri plastiki. Alimshauri kwa sababu aliuliza. Yake ikavuka paa la maabara.

Yangu, maji yalimwagika wakati wa kujaza. Mabawa yakaanza kulegea. Nilipaswa kusema subirini. Sikusema. Ikapanda kimo cha mbuzi, ikageuka, ikamfukuza Violeth mpaka nyuma ya choo. Bawa moja lilimganda shavuni kama chapati mbichi.

Violeth amechaguliwa.

Mwalimu akaniita pembeni. Nikaangalia viatu vyake. Akasema mwenye mdomo ameshampata, sasa anataka mwenye mikono, na pua ya roketi yangu haikupata hata ufa. Kuna nafasi ya pili. Kesho nipite kwake, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba naitaka. Basi.

Jumapili, 14 Desemba

Chapati hazikutosha. Babu aliuliza unga umekwenda wapi. Niliangalia viatu vyake.

Nilifika mlangoni kwa mwalimu. Nikasema hodi kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Nikarudi nyumbani, nikaandika barua. Kurasa mbili, heshima tupu. Bahasha nimetengeneza mwenyewe: tabaka tano, gundi yote ya ngano niliyobakiza. Haichaniki.

Nimeiacha barazani kwake, juu ya ndoo ya maji. Kuku wake wawili walisogea, wakaitazama kwa makini sana. Hata wao wanajua kazi nzuri wakiiona.