Robo ya Tumbo Langu

2 Juni, Jumatatu
Nyota yangu inawaka! Nafasi ilikuwa moja tu ya kupunguzwa tumbo, na daktari bingwa wa kutoka Dar kaniangalia mara moja, kanichagua mimi. Kilo mia na arobaini na nane, nani wa kushindana nami Ifakara hii? Remigius, dalali mwenzangu wa mpunga, kawekwa wa akiba. Wa akiba!

Si urembo. Ni sukari. Vidole vya mguu wa kushoto havisikii hata siafu. Nisipopungua, mguu utaondoka.

Daktari mwenyewe, Noela, ni binti mwembamba kama ufito. Kaniamkia shikamoo vizuri sana. Nikaanza kumshuku. Kasema karibu robo tatu ya tumbo itaondoka, robo ibaki. Robo kwa kipimo cha nani? Miaka ishirini napima mpunga kwenye mashine ya kukoboa. Debe lililobonyezwa kitako nalijua. Lumbesa, gunia la kujazwa kupita mdomo wake, naijua. Mtu hanipimii kitu nikiwa nimelala usingizi wa dawa.

4 Juni, Jumatano
Nimepiga hesabu. Robo ya debe si robo ya gunia. Anayeingia na tumbo dogo atatoka na kikombe. Anayeingia na tumbo kubwa atabaki na kitu cha maana. Basi tumbo likue kabla ya siku ya vipimo, tarehe kumi na sita.

Daktari kaagiza kinyume. Wiki mbili za uji mwepesi, supu na mboga. Eti ini langu lina mafuta, limelifunika tumbo, na lisiponywea hataona anachokata. Ujanja wa zamani huo! Kila mnunuzi hukwambia kausha mpunga kwanza. Anataka uwe mwepesi.

6 Juni, Ijumaa
Kazi imeanza. Asubuhi nakunywa uji mbele ya mke wangu Brigitha, uso wa msiba. Saa nne niko kwa Nyamizi, mama ntilie wa nyuma ya mashine. Wali sahani mbili, samaki, maharage, na maji lita mbili ya kutanulia. Nyamizi kauliza kama nakula na kwa niaba ya vibarua. Nimemwambia naweka akiba.

9 Juni, Jumatatu
Remigius kapungua. Shati linamning'inia kama gunia lililomwagwa. Kapita mashineni na chupa yake ya supu, kaniuliza shingo yangu nimeiazima kwa nani. Hapa pana jambo. Mtu wa akiba hafuati masharti bure. Lazima kaahidiwa robo nono.

Brigitha kachinja mtetea wake anayetaga. Supu kaichuja mafuta kwa kitambaa, mara mbili. Niliona aibu kuinywa. Nikainywa. Kisha nikaenda kwa Nyamizi.

16 Juni, Jumatatu
Siku ya vipimo. Nimeongezeka kilo tano! Picha ya tumbo ikaonyesha ini limevimba zaidi. Daktari Noela kauliza nimekula nini. Nikamweleza hesabu yangu yote, kwa fahari, ajue kakutana na mpimaji. Brigitha akainamisha kichwa.

Daktari hakucheka. Kafungua droo, katoa mpira mrefu, unene wa kidole.

“Mzee wangu, huu unapitishwa mdomoni mpaka tumboni, nami nakata nikiufuata. Uje na gunia, uje na debe, kinachobaki ni cha upana huu huu.”

Robo ilikuwa lugha ya kunielewesha tu. Na kwa ini lile hagusi mtu. Nirudi baada ya miezi mitatu, huku wakiuangalia mguu. Nafasi kapewa Remigius.

Brigitha hakugomba njia nzima. Afadhali angegomba. Tulipofika uani ndipo akasema.

“Baba Aneth, mimi nilitaka mume. Wewe umenilindia tumbo.”

Nikachukua sufuria ya supu, nikaiosha. Mimi!

18 Juni, Jumatano
Nimemsindikiza Remigius stendi, apande basi la Dar akapasuliwe. Nimempa blanketi langu zito na redio yangu ndogo. Nimemwambia asiogope, kisha nikamnong'oneza autazame vizuri ule mpira kabla hawajamlaza.

Maana nimefikiri upya. Kumbe tumbo si kitu. Kipimo ni mpira! Nimepita kwa Nickolaus, fundi wa pampu za umwagiliaji. Anao wa inchi moja na nusu, mlaini, hauna harufu. Nimekata mita moja, nimeuchemsha kwenye sufuria ya Brigitha, nimeufunga kwa kitenge. Miezi mitatu ikifika nampelekea daktari zawadi. Hawezi kukataa zawadi ya mzee.

Niandike na hili nililolificha tangu siku ya kwanza, maana daftari hili halisomwi na mtu. Daktari hakunichagua. Alimchagua Remigius. Remigius ndiye aliyeomba nitangulie mimi, kwa ajili ya mguu wangu.