Nimemuua Mama kwa Maneno Mia Sita

Jumatatu, 26 Oktoba
Maren, binti wa dada yangu, anaomba chuo. Fomu inataka insha: jambo gani limekufanya uwe wewe? Mwisho Jumapili. Alama anazo, jambo hana. Wazazi wazima, nyumba ina joto, hajavunjika hata kidole! Wiki mbili anaandika, anafuta, analia kidogo. Chuo hicho anakitaka tangu ana miaka tisa. Nimemwambia atulie, mjomba yupo. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wamebaki nyuma.

Jumanne, 27 Oktoba
Nimewaza vizuri kazini. Naendesha ile mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni. Mzunguko baada ya mzunguko, mvuke unapanda, barafu inageuka kioo, na mtu anajihisi anaelea mawinguni. Nikamwona Maren chuoni, chini ya miti myekundu, na wazee wenye tai wakisoma insha yake huku wanapangusa machozi. Machozi! Ndicho kinachokosekana.

Nikampa hadithi ya dubu. Aandike kwamba alikokotwa hadi mpaka wa Kanada, nikamwokoa kwa kijiko. Akasema, "Anko, hiyo si yangu, na wala si yako." Eti Bwana Stroud, mshauri wa shule, kamwambia atafute kitu kidogo cha kweli. Kidogo! Stroud huyo huyo akivua samaki anataja urefu wake halisi.

Jumatano, 28 Oktoba
Nimemuua Mama. Kwenye insha tu! Maren alikuwa mazoezini, kompyuta iko wazi jikoni kwa dada. Nikaandika kwamba bibi yake, Ardis, amefariki usingizini juzi, theluji ya kwanza ikidondoka, kashika mkono wa mjukuu. Nimelia mwenyewe. Nikamtumia Stroud kwa jina la Maren, aone watu wanavyoandika.

Alhamisi, 29 Oktoba
Balaa. Stroud anaimba kwaya moja na Mama. Jana jioni Mama hakwenda mazoezi ya kwaya kanisani, ana mafua. Kiti kitupu, insha mkononi mwa Stroud. Kwaya nzima ikaamini!

Kufika saa sita mchana, masinia kumi na moja ya viazi na nyama ya kuoka yamepangwa kwenye ngazi za nyumba ya Mama, kama tunavyofanya mtu akifa. La kumi na mbili, Mama akafungua mlango mwenyewe. Bi Tollefson, aliyelileta, akapiga yowe, lakini sinia hakuliachia. Mama akauliza nani kafa. Akaambiwa. Akauliza kama kuna lenye uyoga.

Kisha akanipigia simu: "Verlyn, nimekufa lini?"

Dada hasemi nami. Maren kasema moja tu, bila kunitazama: "Zimebaki siku tatu, Anko."

Jumamosi, 31 Oktoba
Sinia lazima lirudi kwa mwenyewe. Jina lake limebandikwa chini. Mama kaamuru Maren ampeleke kwa gari, nyumba kwa nyumba. Mimi kiti cha nyuma, masinia mapajani, marufuku kufungua mdomo.

Kila mlango watu walimwambia Mama yale waliyokuwa wameandaa kuyasema mazikoni kwake. Mmoja, kwamba Mama alimfundisha kuogelea. Mwingine, kwamba alipofiwa na mumewe, Mama alikuja kukaa naye mwezi mzima, wala hakuongea sana. Mama anaitikia tu, "Haya. Ndiyo. Haya." Ukungu ulitanda ziwani, madirisha yakawaka moja moja, gari likawa linateleza kama vile njia haina mwisho. Nilikaribia kusinzia kwa utamu. Nyumba ya tisa, Maren akazima injini, akaanza kuandika nyuma ya risiti.

Jumapili, 1 Novemba
Ametuma! Insha ni ya kurudisha masinia. Hakuna dubu, hakuna maiti. Stroud kasoma, kasema hana la kuongeza. Mama kaomba asomewe mara mbili. Mimi nimo katika sentensi moja: "Mjomba wangu alikosea." Ndiyo nguzo ya insha nzima! Bila mimi angeandika nini?

Kesho naanza na mapacha wa jirani. Nao wanaomba chuo, na maisha yao ni matamu mno, masikini. Mama simgusi tena, kaniapisha. Safari hii nakufa mimi. Baharini, nikiokoa meli nzima ya watawa. Bahari sijawahi kuiona, lakini nimeshaandika ukurasa wa kwanza na ninazama vizuri sana.